Bao Aliloachiwa Amour

Watu wa Makorora walikuwa na maneno mengi juu ya Haroub, na karibu yote yalikuwa ya kumcheka. Enzi zile sabuni imeadimika na sukari inapatikana kwa kujuana, Haroub ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la ushirika, na mkewe, Tabia, alifua kwa majani ya mpapai. Muuzaji mwingine angeficha katoni chini ya meza, mtaa mzima ukamwita bwana mkubwa. Yeye mzigo ukija aliuweka wazi, foleni ikapita, ukaisha, akarudi nyumbani mikono mitupu. Tabia alivumilia, akanuna, akavumilia tena, mwisho akafunga mzigo wake akarudi kwao Maramba. Nani angemlaumu?

Mahali pamoja tu palibaki ambapo unyoofu wa Haroub haukuwa kichekesho, napo ni barazani kwa Amour. Huyu Amour alikuwa fundi cherehani aliyevuka kutoka Pemba ujanani, na kila baada ya sala ya alasiri wawili hao waliweka bao katikati, komwe, zile mbegu za kete, zikalia mashimoni. Kwa asiyelijua bao, sheria yenyewe ni hii: mwenye mtaji hana hiari. Mtaji ni ile nafasi ya kula kete za mwenzako. Ukiwa nayo, lazima ule. Kujifanya huioni, ukapeleka kete kwingine, ni kosa, na wazee hao wawili waliliona kosa hilo kama kuswali bila udhu.

Wengine barazani hawakuona hivyo. Uweso, jirani mwenye ulimi mwepesi na vidole vyepesi zaidi, alizoea kudondosha kete mbili shimo moja akidhani hakuna anayemtazama. Siku moja, akicheza naye, Haroub alimdaka mkono.

"Rudisha, Uweso."

"Ah, Haroub nawe! Komwe hizi, si karafuu. Kafa nani hapa?"

"Anayeiba komwe, akipewa ghala ataacha nini?"

"Ghala ulipewa wewe, ukaacha kila kitu. Umepata nini?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Amour peke yake hakucheka. "Rudisha kete, Uweso," alisema. "Huko nje kila kitu ni kwa mlango wa nyuma, hata sanda. Hapa mniache mie nipumue."

Neno hilo Haroub aliondoka nalo, akalala nalo. Lilimtosha badala ya sabuni.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachwa huru. Bidhaa zikajaa madukani kana kwamba hakuna aliyewahi kuzikosa, duka la ushirika likafungwa, na Haroub akaanza kuwamba vitanda vya kamba wakati ambapo kila mwenye senti anataka godoro. Mitumba nayo ikaingia kwa marobota, cherehani ya Amour ikafunikwa kitambaa. Wakabaki na bao. Walicheza tangu asubuhi, na hawakuulizana habari za kazi, kwa sababu hazikuwapo.

Kiharusi kilimpiga Amour akiwa anatawadha. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kombo, jicho moja likafumba. Alipoweza kukaa, jambo la kwanza aliloomba ni bao. Alicheza kwa mkono wa kushoto, kete zikimtoka njiani, na alipofika katikati ya mzunguko alisahau alikoanzia. Haroub alimsubiri, akamwokotea kete, akamfunga. Kesho yake akamfunga tena. Alimfunga kila siku, kwa upendo, maana kwake kumpunguzia Amour mchezo kulikuwa sawa na kumzika angali hai.

Amour alianza kukataa chakula. Ndipo Thuwaiba, mkewe, alipomfuata Haroub nyumbani, akasimama mlangoni akivuta buibui usoni.

"Shemeji, nimekuja kukuomba, na njia nzima nimeona haya."

"Sema, shemeji."

"Mwachie. Bao moja tu. Hata uji haupiti. Ananambia, 'Thuwaiba, mie nishakwisha, akili imekwenda.' Akipata moja tu, labda atakula."

"Hilo siliwezi. Sheria ya bao—"

"Sheria!" Thuwaiba alilia kwa hasira. "Mungu atakuuliza sala, atakuuliza yatima. Atakuuliza na komwe?"

Haroub alikwisha kumpoteza mke kwa kushika sheria ya sabuni. Je, ampoteze na rafiki kwa sheria ya mchezo? Lisilobudi hutendwa, alijiambia, ingawa moyo ulikuwa ukimwambia vingine.

Siku hiyo Amour alicheza vizuri kidogo, lakini hakucheza vya kutosha. Ikafika zamu ya Haroub, na mtaji ukawa pale mbele yake, wazi, hata mtoto angeuona. Akila, mchezo umekwisha. Mkono wake ulizunguka juu ya shimo lile, ukaliruka, ukaokota kete za shimo jingine. Hakula kitu.

Amour aliinamia bao. Kisha akainua kete zake kwa mkono wa kushoto, akazungusha polepole, akala safu yote ya mbele ya Haroub, akafunga. Thuwaiba alipiga kigelegele mlangoni, akakimbilia ndani kupika kahawa. Haroub alijichekesha. "Leo umeniweza, yakhe!"

"Palikuwa na mtaji," Amour alisema.

"Wapi?"

"Usinitese, Haroub."

"Wallahi sikuuona."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kuiruka sheria, huenda angesamehewa. Lakini aliapa, na Amour alimjua kwa miaka yao yote kuwa haapi ovyo. Yule mgonjwa alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki zima.

"Mangapi mengine uliniachia?"

"Hakuna! Hata moja! Leo tu, yakhe, leo tu."

"Sasa nitajuaje?"

Haroub angeapa tena? Kiapo chake kilikuwa kimetumika dakika ile ile, na maji yakimwagika hayazoleki. Amour alianza kuyarudia kwa sauti ndogo yale mabao ya zamani aliyojivunia kumfunga, lile la Idi mvua ilipowakuta, lile la siku alipomwozesha bintiye, na kwenye kila moja alitikisa kichwa, kama mtu anayekagua nguo akakuta kila mshono umefumuka. Thuwaiba alipotokea na kahawa, Amour aliacha, akapokea kikombe, akanywa.

Tangu hapo Haroub alikaribishwa vizuri, akaulizwa hali, akapewa kiti. Bao halikutolewa tena. "Leo mkono mzito," Amour alisema kila mara. Hakugomba wala hakununa, na Haroub angefurahi mno kama angegombezwa. Kabla ya Ramadhani kuandama, Amour akafa.

Baada ya hitima Thuwaiba, akiwa kwenye eda ya kufiwa, aliomba aitiwe shemeji yake. Alisema naye nyuma ya pazia, sauti imekauka kwa kilio.

"Mungu akulipe. Lile bao ndilo lililompa siku zile. Kila aliyekuja kumtazama alimwambia, 'Mie n'limfunga Haroub, kwa mkono wa shoto.' Hata Uweso kamwambia. Na mie kila nikimlisha huniambia hivyo hivyo, akacheka, akala."

Amour, ambaye hakuvumilia kete moja ipite kwa hila, alikuwa amelala kitandani akiwadanganya wageni mmoja mmoja, ili mkewe asivunjike moyo. Alikufa na uongo mdomoni, na aliyemtia uongo huo ni yeye Haroub.

"Shemeji? Upo?"

"Nipo."

"Kweli alikufunga vizuri?"

"Alinifunga, shemeji," Haroub alisema. "Alinifunga vizuri."