Tochi ya Kula Jua

Tochi yangu ya zamani ilikuwa ya bati, ya mawe matatu ya betri. Ikigoma niliigonga kwa goti, ikawaka. Nilizalisha nayo ng'ombe wangu wote bila kuita daktari hata siku moja. Najisifu, ndiyo. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kwa mambo ya ng'ombe hakuna mtu wa kunifundisha huku kwetu.

Mwezi wa pili kijana wangu akaja kutoka Nairobi, akaiona imening'inia kwa msumari.

"Mami, hii bado? Hata polisi walishatupa hizi."

"Inamulika."

"Inamulika nini na lazima uipige kama punda?"

Tukaenda Chaka siku ya soko. Jua lilikuwa kali, vumbi mpaka kwa meno. Muuzaji alikuwa ametandaza tochi juu ya gunia, anawasha moja baada ya nyingine, na mimi sioni kitu. Nani anaona mwanga wa tochi saa sita mchana? Nikamwambia hivyo. Akaazima koti zito la mitumba kwa mwenzake.

"Shosho, ingia ndani ujionee."

Nikaingia kichwa na mabega, mtu mzima, katikati ya soko. Watu wakacheka. Mle ndani tochi ikawaka nyeupe mpaka nikaona nyuzi za kitambaa.

"Inakula mawe mangapi?" nikauliza nikiwa bado ndani.

"Haina mawe. Hii inakula jua. Unaiweka juu ya mabati mchana, basi."

Ikianguka? Akaiangusha. Ikinyeshewa? Akaimwagia maji. Nilimuuliza yote isipokuwa lile moja.

Kijana wangu akalipa. Nyumbani akachukua ile ya bati akaitupa kwa choo cha shimo, ati nisirudi nyuma. Niliisikia ikitumbukia, nikacheka. Hicho kicheko kinaniuma mpaka leo.

Wakati huo ng'ombe wangu alikuwa na mimba. Nilikuwa nimesema akizaa jike, ndama ni wa mjukuu wangu, kifungua mimba wa huyo kijana, aliyepewa jina langu kama ilivyo desturi yetu. Mtoto akawa anapiga simu kila Jumapili: "Cucu, tumbo imekuwa kubwa aje?"

Siku zilitimia mwezi wa saba. Mtu yeyote aliyezaliwa chini ya mlima huu anaujua mwezi wa saba. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, wiki mbili hujui jua limetokea wapi. Kila asubuhi niliipandisha tochi juu ya mabati kama mjinga, jioni nikaishusha imelowa.

Ng'ombe alishikwa na uchungu alfajiri. Stima ilikuwa imepotea tangu juzi, simu nayo ilikuwa imezima. Tochi ikatoa mwanga kama ncha ya sigara, halafu ikafa. Nikamvuta ndama gizani, akatoka vizuri, miguu ya mbele kwanza. Kwa mwanga ningeangalia pua. Gizani nilipapasa nyuma, kwa sababu nilitaka kujua. Jike! Nikakimbia nyumbani kuleta koroboi, nikicheka peke yangu. Kiberiti kilikuwa kimeshika unyevu, njiti baada ya njiti ikakataa.

Niliporudi na moto ndipo nikaona. Ile ngozi nyembamba inayomfunga ndama tumboni ilikuwa imemfunika pua na mdomo, imekaza kama karatasi ya nailoni. Nikaichana. Nikampulizia. Nikamtia unyasi puani apige chafya. Mwili ulikuwa bado na joto, lakini hakupiga chafya.

Mama yake aliendelea kumlamba mpaka kukapambazuka.

Stima iliporudi kijana wangu akapiga simu, nikamweleza yote.

"Pole, Mami. Nitakutumia tochi ingine."

"Usinitumie kitu. Nitaenda Naro Moru mwenyewe ninunue ya mawe. Na hiyo nitaishikia mwenyewe, usikuje nayo karibu na choo."

Nyuma yake nikamsikia mtoto akilia apewe simu. Akapewa.

"Cucu! Yangu imezaliwa?"

Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kumdanganya mtu aliyebeba jina langu.

"Ilikuwa dume," nikasema. "Tumeuza."

"Aah. Basi ile ingine?"

"Ile ingine."

Baba yake alikuwa pale pale anasikia. Alijua ilikuwa jike, akauacha uongo wangu usimame, na mimi sikuwa nimemwomba.