Mama amekataa picha niliyoing'arisha

Leo mama mmoja amekataa picha ya marehemu bwanake hapa kwa duka langu, Kitale.

Na asubuhi yote nilikuwa nasawazisha rangi za skrini na printa, bana! Nilikuwa najiamini.

Ilikuwa picha ya kuwekwa juu ya jeneza. Nikaung'arisha uso kidogo, vile sisi watu wa studio huwafanyia marehemu wote. Si watu hupenda?

Mama akaishika, akaisogeza karibu na macho.

"Kijana, huyu si mzee wangu. Mzee wangu alikuwa mweusi."

Nikamwambia, "Mama, rangi za mashine yangu ziko sawa kabisa."

Akaweka mkono wake kwa meza, kando ya picha.

"Tulifanana rangi. Huko Naitiri walikuwa wanatuita mapacha. Fuata huu mkono."

Basi nikaondoa ule mng'aro wangu, nikaprinti tena, nikilinganisha na mkono wake. Ya tatu ilipotoka, akaigusa shavuni.

"Sasa umefika, baba."

Ati umefika! Kama anampokea mzee wake mlangoni. Nikageuka nikajifanya napanga karatasi.

Alipoenda nikajipiga picha, nikaiprinti bila kung'arisha. Nimekaa nikiiangalia tangu saa tisa. Kule nyumbani Kibomet naishi peke yangu, na hapa dukani kila mtu huangalia picha yake, si mimi.

Nimeiweka hapo chini. Nyinyi mnaonijua, hebu niambieni.

Huyu ni mimi?