Nilivyomfundisha Baba Mkwe Kiingereza

Nakiri, aibu hii niliitafuta mwenyewe. Nilikwenda Mingoyo kwa wakwe mara ya kwanza tangu nioe, nikakaa mkekani nimekakamaa. Baba mkwe, mkulima wa korosho, akanisogezea wali na samaki.

"Kula, mkwe. Jisikie huru."

Mimi mwalimu wa Kiingereza nikaona hapo ndipo pa kung'ara. Nikamweleza kwamba "huru" kwa Kiingereza ni "free", na kwamba neno hilo lilitokana na jina la kale la ufunguo wa minyororo, na kwamba Waingereza waliliokota kwa Wareno, hapo jirani Kilwa. Yote nilitunga palepale.

"Kumbe," akasema. "Endelea, mwalimu."

Nikaendelea mpaka mama mkwe akajifunika uso kwa khanga. Mke wangu akaingia na kamusi kuukuu.

"Baba, hii hapa ile uliyokuwa ukifundishia Kiingereza."

Uchumba wote nilisimulia habari zangu tu. Sikuwahi kuuliza baba yake alifanya kazi gani kabla ya korosho.

Mzee akavaa miwani, akanisomea taratibu. Neno lile asili yake ni kupenda. Huru walikuwa watu wa nyumbani, wale wanaopendwa, siyo watumwa.

Akafunga kamusi.

"Sasa kula, mwanangu. Wali unapoa."