Bruhan Ajitangaza Jinja

Shamirah, fundi wa kanzu wa Malukhu, Mbale, alizoea kupata wateja kupitia mtandao. Asubuhi moja alikuta akaunti yake ya matangazo imefungwa, eti amevunja kanuni. Kanuni ipi, hakuambiwa. Alikata rufaa, kisha akakaa mbele ya cherehani bila kushona.

Mumewe Bruhan, mtu wa haya asiyependa kutazamwa, alivaa kanzu nzuri kuliko zote dukani.

"Unaenda harusi ya nani?" Shamirah akamuuliza.

"Naenda soko la Jinja. Leo tangazo ni mimi."

Alirudi jioni miguu imemvimba, baada ya kuzunguka sokoni kutwa akigawa namba ya simu ya mkewe. Shamirah alimkanda kwa maji ya moto huku akicheka, na simu pembeni ikilia, watu wa Jinja wakiulizia kanzu. Akaunti ilipofunguliwa baadaye, alikuwa na kazi nyingi hata hakugundua upesi.