Kwenye Karatasi Yako Mama Bado Hajaugua

Siku ile pale kwetu Iyula bado ninayo, mwanangu, na nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa hoi kitandani, na mwanawe mkubwa alikuwa kazini Rodeshia, ng'ambo ya mpaka. Uji alikataa, dawa alikataa. Alitaka kumwona mwanawe kabla hajafa, basi.

Mimi ndiye niliyesoma misheni, kwa hiyo kalamu nikapewa mimi. Nje, jirani aliyekuwa akielekea Tunduma, mpakani, alikuwa akiingojea barua aipeleke, ameshika baiskeli yake na kila mara akipiga kengele. Nami nikaandika kama tulivyofundishwa: nakusalimu sana, ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo wote, hofu yetu ni kwenu. Nikaulizia watoto, mvua, mahindi. Mwandiko ulinyooka, nikajisifu moyoni.

Shangazi alikuwa akizungukazunguka na bakuli la uji uliokataliwa. "Nisomee," akaniambia.

Nikasoma. Kabla sijageuza ukurasa akanikatiza.

"Wewe mtoto, ukurasa umekwisha, na kwenye karatasi yako mama bado hajaugua! Kaka akisikia hatujambo wote, si ataikunja barua aende kazini?"

Nililia, sikufichi. Kengele ikalia tena. Nikachukua karatasi nyingine: Mama ni mgonjwa sana. Anakuita. Njoo leo hii.

Baada ya hapo tulikaa roho juu. Nachungulia barabara, narudi kwa bibi, nachungulia tena. Baba mkubwa alipotokea alikuwa bado na koti la kazi, hata mfuko hakubeba. Alimkuta mama yake anaweza kuongea. Tukatoka, tukawaacha wawili.

Bibi alipofariki, niliambiwa niandike maisha yake yasomwe mazishini. Kwa kuwa nilikwisha kugombezwa kwa kuandika maneno mengi, nikafupisha: alizaliwa, aliolewa, alizaa, amefariki. Nikamsomea shangazi. Akaguna, macho yamevimba kwa kulia.

"Sasa huyu unamkimbiza wapi, mwanangu? Hana haraka tena."

Nikakaa upya. Nikaandika alivyokuwa akigombana na kuku wake kwa majina, na alivyofunga kanga siku ya Jumapili. Yaliposomwa kaburini watu walicheka. Baba mkubwa naye alicheka, halafu akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti.

Basi wewe unayetaka kuandika mambo ya kweli, kabla ya kalamu muulize moyo wako: nani anaingojea karatasi hii, na akishaisoma atafanya nini? Habari ya kuita mtu, ianze na wito. Ukiandikia baraza ugomvi wa shamba, sema uliyoyaona, na ya kusikia uyatenge. Ukimfundisha mtu kukausha kahawa, mwambie kwanza kinachoanza, usimwache anarudi nyuma kutafuta. Lakini ukiandika maisha ya mtu, tulia naye, mpe nafasi ya kucheka na kukasirika. Halafu msomee mtu mwingine kwa sauti, hasa yule mwenye uchungu na jambo lenyewe. Atakugombeza. Mshukuru.

Mungu akupe mkono mwepesi pale mgonjwa anapongoja kitandani, na mkono mtulivu pale anapokuwa amekwisha kwenda. Haya, chukua kalamu yako, mimi nasikiliza.