Waya Niliouanikia Mikebuka

Nawaelezea ninyi wa mbali, maana hapa mjini Baraka kila mtu anakijua kisa hiki. Miaka ya vita nilikuwa mlinzi wa depo ya dawa, na mlango wake ulifunguliwa na mashini inayosoma kiganja. Jumapili moja nikaona waya wa buluu nyuma ya depo. Nikadhani ni mabaki ya redio iliyoporwa. Nikakata kipande kirefu, nikaanikia samaki wangu, mikebuka.

Jumatatu mashini ikakataa mikono yote ya wafanyakazi. Mama Riziki, muuguzi, alikuja mlangoni akiwa ameacha wagonjwa waliokimbia mapigano ya Minembwe wakingoja dawa. Nikamwambia kama daktari, "Mama, mikono yenu iko na jasho. Munawe." Wakanawa wote. Ikakataa. Nikawapaka mawese. Wapi!

Fundi akafika. "Hii mashini haina kichwa," akasema. "Kichwa iko kwa kompyuta ya biro, kule ofisini. Inaiulizaka kupitia waya."

Akaufuata waya, sisi sote nyuma yake, hadi ulipokatwa. Akainua macho. Kwangu, ng'ambo ya ua, mikebuka kumi na wawili walining'inia kwenye buluu ileile.

Mama Riziki akajipangusa mawese polepole.

"Papa Amisi, sasa we ndiyo utanawa."