Mimi Sina Sikukuu

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilipoanza kulea watoto wa watu sebuleni kwangu, Mabawa, muuguzi mmoja Mlutheri aliniuliza kama Idd nafunga kazi. Zamu za wodini hazijui Idd. Papo hapo mama wa Kiislamu anayeuza chakula stendi akauliza, na Krismasi je? Tamaa mbele, mauti nyuma: nikajibu kwa madaha, "Mimi sina sikukuu."

Basi Krismasi nilikaa na watoto wa Waislamu, Idd na watoto wa Wakristo. Hodi ya kwanza ilibishwa alfajiri, kabla sijanawa uso. Juu ya mlango nilitia komeo wasitoroke, nikawa mfungwa na funguo ninazo. Misiba ya mtaani niliihudhuria dirishani, na majirani wakanisema. Nisiseme uongo: niliwapenda wale watoto, na zipo adhuhuri nilizowachukia.

Mama yangu yuko Moa. Kila Idd nilimpigia simu: "Ijayo, mama, inshallah." Nilisema hivyo Idd tatu.

Ya nne akaja mwenyewe na basi, kanga mpya, hotipoti kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia hapa mwapokea watu. Na mie nipokeeni."

Watoto wanne waliokuwapo wakacheka. Akaketi nao mkekani, akawakatia mkate wa kumimina. Mimi nilikuwa nikifuta makamasi na kubadilisha nepi, na kila tulipoanza neno, kilio kililikata.

"Jicho la kushoto limekwisha," akasema. "Hili la kulia nalo limeanza ukungu. Nikasema nije nikuone, mwanangu, maadam bado naona."

Kikombe cha uji kikapinduka. Nikainuka kwenda kuchukua tambara. Niliporudi alikuwa ananitazama tu, nami nikainama nikafuta sakafu muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Basi la mwisho la Moa huondoka saa kumi. Saa tisa watoto watatu walikwisha chukuliwa, akabaki wa muuguzi. Nikatoka barazani, nikarudi, nikatoka tena. Nilimlaani yule mwanamke kimoyomoyo, na mwanawe nimembeba.

Mama akajifunga kanga, akaenda mlangoni. Akapapasa komeo, chini, kati, asilione. Nikalifungua mimi.

"Hata mie wanifungia," akasema, akacheka.

Nikamwita kijana wa bodaboda, nikamsihi ampeleke polepole mpaka stendi na amwoneshe basi lenyewe. Sikuweza kumsindikiza mama yangu.

Muuguzi alifika saa kumi na moja, kachoka, kanitolea udhuru. Akampokea mwanawe, akaniuliza, "Dada, na kesho utafungua?"

Nilikuwa na la kumwambia, nilikuwa nimelipanga tangu saa tisa.

"Karibu," nikasema.